Siku Niliyomwamkia Mtani Wangu

Majirani wa jengo letu pale Thorncliffe Park, Toronto, waliamini kwamba mimi na mzee wa ghorofa ya nne tulikuwa na ugomvi wa miaka, na kwa yale waliyoyasikia siwezi kuwalaumu. Lifti ikifunguka akanikuta ndani, alisimama mlangoni akanipandisha na kunishusha kwa macho, kisha akawatangazia waliomo, kwa Kiingereza chake cha kuvuta, kwamba yeye atasubiri nyingine kwa sababu hii imebeba Mzaramo na kamba zake zitakatika. Nami nilimjibu kwa Kiswahili kwamba kubeba mizigo ni kazi ya babu zake, aingie aibebe lifti yenyewe. Watu wakainamia viatu vyao. Mama mmoja wa Kipakistani wa ghorofa ya tisa aliwahi kunishika mkono akaninong'oneza nimwombee tu, Mungu atamlainisha moyo. Nilimshukuru. Ningeanzia wapi kumweleza?

Alikuwa mtani wangu, basi. Mimi Mzaramo, yeye Msukuma. Babu zake walishuka pwani na mizigo mabegani, wakalala kwa babu zangu, wakala vya kwao na vya wenyeji, na katika kulala na kula huko ukazaliwa utani ambao hakuna aliyeulizwa kama anautaka. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, kukuvua kofia akaondoka nayo, kukulia chakula nawe unatazama. Wewe huna haki ya kununa. Anayenuna ameshindwa, na sisi wawili hatukuwa watu wa kushindwa. Jina lake nilikuwa nalijua, limo hata kwenye kisanduku cha barua pale chini, ila sikuwahi kulitumia, na langu yeye hakulitumia kamwe. Mbele ya wageni tulitambulishana kwa heshima zote. "Huyu," anasema, "ni mtumwa wangu." Nami nasema, "Na huyu ni mchukuzi wetu, tumesahau tu kumrudisha kwao."

Aliendesha basi la shule huko Scarborough miaka mingi, na alipostaafu aliacha usukani tu, kuendesha hakuacha. Alitembea kifua mbele, mikono imeinuka kidogo kama iliyoshika kitu, na kwenye kona alipinda kwa mbali, maana basi refu halipindi kwa karibu. Kabla ya kuvuka njia, hata ile njia ya katikati ya viti vya ukumbi wa harusi, alisimama, akatazama kushoto, akatazama kulia. Na kila mlango aliofika alingoja kidogo kabla ya kupita. Nilimuuliza siku moja anangoja nini. "Watoto washuke," alinijibu, na hakucheka.

Mtu wa namna hiyo haongozwi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaongoza wenzake. Mgeni yeyote aliyeshuka Toronto kutoka nyumbani ilibidi apitie mikononi mwake: anachukuliwa kwa treni ya chini ya ardhi mpaka mjini, anatembezwa, anaelezwa mambo ambayo hayapo. Ule mnara mrefu wa katikati ya mji aliuita ghala la maziwa ya ng'ombe wake. Kuna dada mmoja wa Morogoro aliyekaa mji huu msimu mzima akiamini kwamba kindi mweusi ukikutana naye asubuhi lazima umsabahi, la sivyo ni kosa mbele ya sheria, na mimi mwenyewe nilimwona pale kituo cha basi akimpungia mmoja mkono. Safari zake zote ziliishia ufukweni mwa Ziwa Ontario. Wageni wakishika vichwa kwa kustaajabu ukubwa wake, mtani wangu alisonya.

"Beseni hili," alisema. "La kuogeshea watoto. Ziwa liko Mwanza."

Na hapo ndipo vituko vyake vilipoanza kugongana. Huyu mtu wa ziwa, aliyeyadharau maji yote ya dunia, hakujua kuogelea hata kidogo, na mashua aliiogopa kama kifo. Ile feri ya kwenda visiwani, ambayo watoto wachanga wanaipanda na vigari vyao, yeye aliisindikiza kwa macho tu. Aliwaita Wazaramo wavivu, wauza mashamba wakacheze ngoma, na yeye huyohuyo alisinzia kwenye kila mkutano wa jumuiya yetu ya Watanzania mpaka mwenyekiti akawa anangoja akikoroma ndipo apitishe mambo magumu. Neno zuri halikuwahi kumtoka kwangu. Lakini majira ya baridi, nilipokuwa natoka alfajiri kwenda kazini kulea wazee, nilimkuta pale nje amejifunga skafu mpaka puani, eti anapunga hewa. Alinifuata mpaka kituoni akinisimanga jinsi ninavyotembea kwenye barafu, kwamba bata wa Kisarawe angepita kwa adabu zaidi, na muda wote huo alikuwa upande ule ambao ningeweza kuangukia. Nikiugua, mfuko wa michembe ulitokea umening'inia kwenye kitasa changu. Viazi vitamu vilivyokaushwa kwa jua la Shinyanga, vimevuka bahari kwenye begi la mtu. Nikimuuliza alisema alikuwa anatafuta pa kuvitupa.

Kitu kimoja tu alikichukia kwa dhati, nacho ni neno "pole". Alipoteleza mwenyewe kwenye barafu akavunjika kifundo cha mkono, jumuiya nzima ilimiminika kwake na sufuria za pilau na sauti za chini. Pole baba, pole mzee wetu, pole sana. Nilimkuta ameketi katikati yao uso umemshuka, mtu unayeweza kudhani amefilisika. Nikamuuliza kama ile njia imepelekwa hospitali au imekufa papohapo. Alicheka mpaka bandeji ikalegea. Baadaye, watu walipoondoka, aliniambia maneno ambayo sikuyatilia maanani siku ile.

"Pole ni udongo wa kwanza, Mzaramo. Mtu akishaanza kukupa pole kila asubuhi, anakufukia kidogokidogo."

Nilisema mtani ana haki ya kukuvua kofia. Ana kazi pia, na kazi yake kubwa ni ya msibani. Mume wangu alipofariki tulimzika kwa haraka kama inavyotakiwa, tukarudi kwangu kukaa matanga. Nyumba imejaa, watu wamekaa chini, hakuna anayesema juu ya pumzi. Wanangu, waliokulia hapahapa, walikuwa wamejibanza ukutani hawajui mikono yao waiweke wapi. Mara mlango ukafunguliwa na mume wangu akaingia.

Koti lake, kofia yake ya kahawia ya manyoya, mikono nyuma, mguu mmoja unaburutwa kidogo, kichwa kimeinama upande mmoja kama kawaida yake. Akapita katikati ya watu akiwasalimu kwa ile sauti yake ya kukwaruza, akaketi kwenye kiti chake, akaonja chai, akakunja uso. "Sukari mmeitia," akauliza, "au mmeionyesha tu?" Ndilo neno ambalo marehemu aliniambia kila siku ya ndoa yetu. Kisha binti yangu mkubwa, ambaye tangu hospitali hakuwa ametoa hata chozi, akaangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio, na mimi nikamfuata kwa vyote viwili. Nilikipenda kile kicheko. Nilikuwa nimedhani sitacheka tena.

Kofia aliondoka nayo, maana mtani harudishi. Aliivaa kila baridi tangu siku hiyo na kila aliponiona aliigusa kunichokoza. Nilipomshukuru, mara moja tu, alinikatisha.

"Msiba una dosari moja," alisema. "Anayeigizwa hayupo kuona. Mumeo angekuwepo angenirekebisha ule mguu."

Sasa twende Meksiko.

Safari ilipangwa na binti yake. Ni mtoto mzuri, daktari wa meno, anaelewa Kiswahili chote na kukijibu nusu. Alikuja kwangu Jumapili moja akakaa kwenye ncha ya kochi, koti hajavua.

"Auntie, moyo wa Baba umechoka," alisema. "Madaktari wanasema hakuna cha kupasua. He knows. Hataki mtu yeyote ajue, hasa wewe."

Niliinuka nikamvua koti.

"Nimemlipia wiki moja Meksiko, apate jua. Amesema haendi bila mtu wa kumbebea begi." Akajaribu kutabasamu. "Ni wewe. But please, Auntie. Matusi yale, no. Wiki moja tu. Mtendee wema."

"Mwanangu, nikimtendea wema ataniuliza nina nini."

"Why? Ni wema tu."

Machozi yalikuwa yamemjaa, nami sina moyo wa kumkatalia mtoto anayemlilia baba yake. Nikaahidi. Kwa hiyo tulipanda ndege watu watatu na siri moja ambayo kila mmoja aliijua, na mwenye siri peke yake ndiye aliyedhani mimi siijui.

Siku ya pili tukajiandikisha kwenye matembezi ya kulizunguka Ziwa Chapala, kubwa kuliko yote nchini mwao: unachukuliwa hotelini Guadalajara asubuhi kwa basi dogo, unazungushwa ziwa zima na mwongozaji, unarudishwa jioni. Mtani wangu alikuwa ametangaza tangu usiku uliotangulia kwamba atakwenda kulikagua. Nilishuka sebuleni nikamkuta amesimama na kofia ya marehemu mume wangu kichwani, manyoya matupu kwenye jua la Meksiko. Kitu cha kusema kuhusu hiyo kofia kilikuwa tayari ulimini. Nikamwona binti yake ananitazama. Nikakimeza.

"Shikamoo, baba," nikasema. "Umelalaje?"

Alikuwa anavaa koti, mkono mmoja umeshaingia, mwingine ukabaki hewani. Miaka yote ile sijawahi kumwamkia. Mtani haamkiwi. Akanitazama mimi, akamtazama bintiye, ambaye ghafla simu yake ilikuwa na jambo la muhimu.

"Marahaba," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia kwake.

Mwongozaji wetu aliitwa Lupe, mama wa makamo mwenye mwavuli mwekundu na mzaha mwingi. Ndani ya basi nilimpisha mtani wangu akae dirishani. Nilimmenyea chungwa, nikamtolea kokwa. Lupe alipotuona akatabasamu mpaka kwenye kipaza sauti, akauliza tumeoana miaka mingapi. Siku nyingine yoyote swali hilo lingempa mtani wangu hotuba ya kutufikisha ng'ambo ya ziwa. Alisema tu kwamba sisi ni majirani, akageukia dirisha. Dereva alipinda kona moja kwa karibu mno, tairi ikapanda ukingo, na hata hilo hakulisemea kitu. Hapo nikaanza kuogopa.

Tulishuka mji wa Chapala wenyewe, kwenye gati refu. Watu wakapanda mashua kwenda kisiwani, yeye akakaa kwenye benchi. Nafasi gani tena hiyo! Msukuma wa ziwani anayekimbia maji, mbele ya wazungu, na mimi nimekaa naye kitako, nampepea, nasema, "Afadhali upumzike, baba." Niliona aibu kwa niaba ya ukoo wangu mzima. Kando ya gati kulikuwa na majani ya kijani yanaelea kwa mafungu. Akainama kuyatazama.

"Magugu maji," alisema. "Hata huku yamefika."

Yale yale yanayoziba nyavu za wavuvi wa Mwanza. Alisema hayo tu, asubuhi nzima. Lupe alipotueleza ukubwa wa ziwa na jinsi linavyoilisha maji Guadalajara, nilikuwa nalingoja lile neno "beseni". Halikuja. Tukapita Ajijic, kijiji cha kuta zilizochorwa picha, ambacho kimejaa wastaafu kutoka Kanada waliokimbia baridi. Tumeruka saa tano angani tukakuta majirani zetu wa Mississauga wanatembeza mbwa. Mtani wangu aliwaitikia kwa adabu, na adabu yake ilinikata maini.

Chakula cha mchana tulikula upande wa kusini, kwenye mkahawa wa turubai ulio ufukweni kabisa. Wakaleta sahani za visamaki vidogo vidogo vilivyokaangwa vikakauka, na ndimu na pilipili. Wenyewe wanaviita charales. Mimi mdomo ulinifunguka.

"Dagaa!"

Yeye akaisogeza sahani yake pembeni. "Sina njaa," alisema. Binti yake alikuwa ameinuka kwenda kunawa. Mtani wangu akanigeukia, akashusha sauti.

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Mzaramo. Umeniamkia. Umenimenyea chungwa. Pale gatini umenikalia kitako unanipepea kama maiti." Akaivua kofia akaiweka mezani. "Madaktari wananinong'oneza. Mtoto wangu ananinong'oneza. Toronto nzima nilikuwa na mtu mmoja ambaye bado ananitukana. Sasa nimebaki na nani?"

Nilitaka kulia. Nilitaka pia kumwomba radhi, lakini kuomba radhi kungekuwa pole nyingine. Nikaivuta sahani yake mbele yangu, nikachota dagaa kwa mkono mzima, nikajaza kinywa.

"Lete huku," nikasema, kwa sauti ambayo meza zote ziliisikia. "Wasukuma hamjawahi kukataa samaki tangu dunia iumbwe, leo unajifanya una moyo! Moyo wa nani? Aliyekupima alikosea, alipima tumbo. Na hata ukifa utakufa kwa uchoyo, tutakuzika na sufuria yako ya ugali kifuani, kaburi litagoma kufunga!"

Alinitazama. Nikaendelea kutafuna. Ndevu zake zikaanza kutikisika, kisha mabega, kisha akapiga meza kwa kiganja, sahani zikaruka.

"Mnamwona huyu?" aliwageukia watalii wenzetu, sasa kwa Kiingereza. "Babu yangu alimnunua bibi yake kwa mfuko mmoja wa viazi vikavu. Mpaka leo tunadai. Alikuwa mzembe na huyu ni mzembe, lakini nifanyeje, ni mali ya urithi!"

Nikamjibu kwa Kiingereza hichohicho kwamba bibi yangu aliomba arudishwe sokoni kwa sababu ya harufu. Akaninyang'anya dagaa waliobaki. Nikampiga kwa kofia. Alikula sahani yake, akala nusu ya yangu, akaagiza nyingine, na kwa kila tonge alikuwa na la kusema juu ya pwani, nazi, na watu wanaolala mchana. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Pilipili ilinisaidia kuficha macho.

Sasa kwenye basi letu kulikuwa na mama mmoja wa Ontario, mstaafu wa kazi za ustawi wa jamii, mwenye kofia pana nyeupe. Alinifuata chooni. Alifunga mlango nyuma yake, akaniuliza kwa upole sana kama niko salama. Nikamwambia niko salama kabisa, ashukuriwe Mungu. Akaniuliza kama nimekuja kwa hiari yangu. Nikasema hapana, nimeletwa nibebe begi. Ni kweli, si ndivyo ilivyokuwa? Akameza mate, akauliza pasipoti yangu iko wapi.

"Anayo yeye," nikamjibu.

Naye kweli alikuwa nayo. Nguo yangu haikuwa na mfuko, tulipotoka hotelini nilimtupia pasipoti aiweke kwenye koti. Lakini mama wa watu alipauka. Tuliporudi nje alikwenda moja kwa moja kwa Lupe wakanong'ona, na Lupe akaja mezani kwetu, mwavuli ameushika kama rungu, akamtaka mzee anirudishie pasipoti yangu mara moja.

Mtani wangu angeweza kuirudisha tu. Alijiegemeza kitini, akajipangusa midomo, akasema atairudisha mtumwa akishamaliza kubeba mzigo.

Nilitengwa. Nasema kweli. Lupe aliniketisha mbele pamoja na yule mama wa kofia nyeupe, ambaye alinishika mkono na kunipa maji, na mtani wangu akapelekwa kiti cha mwisho kabisa pamoja na kijana mmoja Mjerumani aliyeambiwa amwangalie. Kutoka huko nyuma alikuwa ananiita kwa Kiswahili niangalie wasije wakanihesabu kama mzigo. Lupe akasema hatuondoki mpaka aelewe. Basi lote likamgeukia binti yake.

Maskini mtoto, alisimama katikati ya basi, uso umewiva. Yeye ambaye maisha yake yote aliuona utani kuwa utovu wa adabu wa wazee, sasa ilibidi auelezee kwa Kiingereza, mbele ya wageni. Akaanza na wachukuzi na mizigo yao. Akasema si adui, ni karibu na ndugu. Akasema hawa wawili lazima watukanane, ndiyo desturi, wala haikubaliki kukasirika. Akasema hata msibani.

"Kwa hiyo wakitukanana ujue mambo ni mazuri," alisema. "Ni pale mmoja anapoacha, anapoanza kuwa mpole, ndipo mwenzake anajua kwamba..."

Akakwama hapo. Akanitazama mimi, kisha akamtazama baba yake kule nyuma. Baba yake alimpungia mkono, kwa furaha tu, kama anayemruhusu mtoto kuvuka barabara. Binti akaketi palepale kwenye ngazi ya basi akajifunika uso, na Lupe, ambaye nadhani alikuwa ameshaelewa zaidi ya alivyoelezwa, akamwambia dereva aondoke. Mama wa kofia nyeupe aliuachia mkono wangu, baadaye sana.

Jioni tulifika Petatán, kijiji cha wavuvi. Kila jioni ya majira hayo wavuvi wanatupa mabaki ya samaki majini, na ndege wakubwa weupe, mwari, wenye mifuko chini ya midomo, wanamiminika kwa mamia. Lupe alisema wanatoka Kanada, wanakuja huku kukwepa baridi, na baridi ya kwao ikipungua ukali wanarudi. Mtani wangu alikuwa amesharuhusiwa kunikaribia.

"Wazaramo hawa," akasema akiwaonyesha kwa kidole. "Kazi wameiacha kwao, wenyewe wamekuja kulishwa bure."

"Na wewe ulikuja huku kulima?"

"Mimi nimekuja kukagua."

Binti yake alikuwa amesimama kati yetu. Hakutukataza. Alimshika baba yake mkono, akauliza kwa Kiswahili kitupu, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe: "Baba, na hawa wanaopigana na kupiga kelele, hawa ni Wasukuma?" Mzee akamgeukia kwa mshangao. Mtu hamtanii baba yake, hilo halipo. Lakini aliliacha lipite, na nikaona limemfurahisha. Tulipoagana hotelini, Lupe alimuuliza ameliona vipi ziwa lao.

"Beseni zuri," alisema.

Miezi iliyofuata nilimtukana kuliko kawaida. Alipoacha kuteremka ngazi nilimtukana ghorofani kwake, na alipolazwa niliandaa mapya nikiwa kwenye basi. Mara ya mwisho nilimkuta kwenye chumba cha watu wawili, hospitalini East York, dirisha linatazama maegesho ya magari. Watu wa jumuiya walikuwa wamejipanga ukutani. Pole baba, pole mzee wetu. Alikuwa amebaki macho na mifupa. Nilikuwa na tusi tayari, zuri, nililitengeneza njia nzima, nikafungua kinywa na sauti haikutoka. Aliniona. Akanikazia macho.

"Usithubutu," alisema.

Basi nikageuka. Kofia ya kahawia ilikuwa kwenye ndoana nyuma ya mlango, na koti lake chini yake. Nikaivaa kofia, nikalivaa koti, likanifika magotini. Nikainua mikono, nikashika usukani, nikatoa kifua. Nikaondoka ukutani, nikapinda kwa mbali kuuzunguka mguu wa kitanda, nikasimama katikati ya chumba, nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Nikasogea dirishani, nikayatazama maegesho yale kwa dharau, nikasonya.

"Beseni," nikasema kwa sauti yake.

Wale wa ukutani hawakujua watazame wapi. Binti yake alianza kucheka, mkono mdomoni, machozi yanapita katikati ya vidole. Mtani wangu alikuwa amejiinua kwenye mto, jambo ambalo manesi walisema hawezi tena, na alikuwa ananitazama kwa makini, kichwa kimeinama, kama anayemkagua dereva mwanafunzi. Nikamaliza, nikangoja.

"Mbovu," alisema. "Mlangoni hukusimama. Watoto watashukaje?"

"Msukuma, nimechoka."

"Wazaramo mmezaliwa mmechoka. Rudia. Anzia nje."

Nikatoka kwenye korido, nikaivuta kofia mpaka kwenye nyusi, nikashika usukani. Nikasimama mlangoni mpaka watoto wote waliposhuka, kisha nikaingia.